Mpunga una vidoa vidogo? Usikimbilie dawa kwanza

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinipigia asubuhi: "Bwana shamba, njoo haraka, blasti imeingia!" Alikuwa ameshakopa hela ya dawa. Tukaingia jarubani. Majani yalikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo kama ncha ya sindano. Doa la blasti lililokomaa lina umbo la jicho: limechongoka pande mbili, katikati kijivu. Hatukuona hata moja. Nikamwambia, mama, subiri kidogo, huenda mpunga wako unapigana.

Tuelewane hapa. Mbegu ya ukungu wa blasti ikitua kwenye jani lenye umande huota, kisha hujenga kifuko cheusi kigumu. Mgandamizo ndani yake unaweza kupita mara 30 upepo wa tairi la gari dogo! Kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi ya jani kama msumari.

Mpunga hauna damu ya kubeba askari, kwa hiyo kila seli hujilinda yenyewe. Juu ya utando wake kuna vipokezi vinavyotambua kitini, kitu kilichomo kwenye ukuta wa ukungu. Ikishakitambua, seli huimarisha ukuta wake na kutoa sumu za kuua ukungu. Na kama aina uliyopanda ina jini inayomtambua mvamizi huyo hasa, seli iliyoingiliwa hujiua. Ndiyo, hujiua. Blasti mwanzoni hutaka seli hai, kwa hiyo seli ikifa mapema ukungu hukwama palepale. Kidoa kinachobaki ndilo kaburi la wote wawili. Ila ukungu nao hubadilika, ndiyo maana mbegu iliyostahimili jana inaweza kushindwa kesho.

Sisi wenyewe huipunguzia seli nguvu. Urea ya kupitiliza hulainisha majani, na blasti hupenda hivyo. Igawe kwa awamu, usimwage yote siku moja. Majivu ya maganda ya mpunga yana silika. Ukiyachanganya na udongo kabla ya kupandikiza, mmea huipandisha hadi kwenye ngozi ya jani ikawa ngumu kutobolewa.

Weka alama majani machache, rudi baada ya siku 4 au 5. Vidoa vikitanuka, nipigie siku hiyohiyo, maana blasti ikishakata shingo ya suke dawa haisaidii tena.

Yule mama alirudi kuangalia. Vidoa vilikuwa vilevile, na hela ya watu akairudisha.