Waya wa pili: Wakongwe wa pikipiki wa Haydom na safari zisizo na gereji

Kwenye Yamaha AG100 kuukuu iliyoegeshwa nje ya gereji moja hapa Haydom, nyaya za klachi zilikuwa mbili. Wa kwanza ulitoka kwenye mkono wa klachi, ukapita chini ya tangi, ukateremka hadi kwenye injini, kama ilivyo kwa pikipiki zote. Wa pili uliandamana nao mwanzo hadi mwisho. Ulipinda mwenzake alipopinda, ukapita penye upenyo uleule kati ya tangi na fremu, na kila baada ya shubiri moja nyaya hizo zilifungwa pamoja kwa kipande cha mpira wa tyubu. Lakini waya ule wa pili haukushika kitu. Ncha yake ya juu ilikuwa imeviringishiwa mpira na kukazwa kwa uzi, na ya chini vivyo hivyo.

Honda ya zamani iliyokuwa kando yake nayo ilikuwa hivyohivyo. Ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe cha bodaboda, Boxer na TVS za vijana zilipangwa mstari mrefu na sikuona hata moja yenye waya wa namna hiyo. Tofauti hiyo ilinikaa kichwani. Niliahirisha shughuli iliyonileta Haydom, nikaenda kumwamkia mwenye gereji.

"Marahaba, mwanangu. Usikalie hiyo ndoo, ina oili."

Hapendi jina lake litoke gazetini. Anasema ukiandika fundi inatosha, wanaomjua watamjua. Alishika spana akiwa kijana kwenye karakana za mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO huko Hanang, yale yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, kisha akaendesha pikipiki miaka mingi akizungukia vijiji kwa kazi ya mifugo. Rafiki zake waliobaki ni watu wa aina hiyo: mwinjilisti mstaafu, bwana shamba mstaafu, mwalimu, na wengine waliobeba masanduku ya chanjo wakati ambapo kijiji kizima kilikuwa na pikipiki moja, nayo ya ofisi. Mpaka leo husafiri pamoja. Wana misiba, harusi na ibada za mbali, na wakati mwingine, anakiri, hakuna sababu yoyote zaidi ya kwenda.

Haydom watu wengi wanaijua kwa hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway. Kwa mtu wa pikipiki, Haydom ni mji wa njia ndefu. Mbulu mjini ni kilomita 80 hivi. Ukielekea Katesh unapita Basotu. Kaskazini kuna bonde la Yaeda wanakoishi Wahadzabe na Wadatoga, na magharibi ni Mkalama na mto Sibiti. Lami inakuja vipande vipande, lakini ukiacha barabara kuu ni vumbi, makorongo na udongo mweusi, na ukiharibikiwa katikati hupati duka la vipuri hata ulie.

Turudi kwenye waya.

"Waya wa klachi haukatiki ghafla," anasema fundi. "Huwa unaaga. Ni wewe tu husikii."

Alivua mmoja mbovu kutoka kwenye msumari ukutani, akanipa niushike. Ndani ya ala yake nyeusi kuna nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, na mwishoni kuna kichwa kidogo cha risasi kinachokaa kwenye mkono wa klachi. Kila unapobana, nyuzi hujikunja palepale chini ya kichwa. Baada ya miezi uzi mmoja hukatika, kisha wa pili, na zile zinazobaki hubeba mzigo wa zilizokwenda. Waya huo huanza kurefuka. Dereva anaona klachi imelegea, anakaza skrubu ya kurekebishia, anaendelea na safari. Kesho yake anakaza tena. Fundi anasema hapo ndipo unapoagwa: ukikaza leo na kesho ukakaza tena, siku ya tatu usikaze, vua uangalie. Nilipitisha kidole chini ya kichwa cha waya ule. Nyuzi tatu zilikuwa zimesimama na kunichoma. Zilizobaki zilikuwa nzima, na mtu angeweza kuendesha nazo hata wiki nzima bila kujua.

Nikamuuliza kwa nini asiweke waya wa akiba kwenye mfuko wa vifaa kama watu wengine.

Sababu zake zilikuwa tayari. Waya uliokunjwa ukakaa mfukoni miezi sita huzoea kukunjwa, na ukija kuufunga, unakwaruza ndani ya ala yake. Hupata kutu bila kuonekana. Kisha kazi ngumu yenyewe si kufunga zile ncha mbili, ni kuupitisha katikati. Upenyo wa chini ya tangi ni mwembamba, na pikipiki nyingine hukulazimisha kulegeza tangi lenye petroli, usiku, kwa mwanga wa simu inayokaribia kuzima, huku mvua inanyesha. Waya uliokwisha kupitishwa umemaliza kazi hiyo mchana, nyumbani, ukiwa na chai yako.

"Nikuoneshe?" akasema, akafumba macho.

Kidole gumba kilitafuta nati ya kukazia kwenye mkono wa klachi, kikailegeza. Akazungusha skrubu ndani mpaka mwisho, kisha akairudisha kidogo kidogo akipapasa kwa ukucha. Skrubu ina mfereji, nati yake ina mfereji, na kishikio cha mkono nacho kina mfereji. Waya hautoki mpaka mifereji yote mitatu ikae kwenye mstari mmoja. Ilipokaa, waya ulichomoka upande kwa kuvutwa kidogo tu. Akainama kwenye injini, akaunasua chini kwa spana namba kumi na plaizi. Akakata uzi kwenye ncha za waya wa pili, akatoa mpira, akatia kichwa chake mahali pake, akarudisha skrubu, akabana klachi mara mbili. Hakufumbua macho hata mara moja. Waya wa zamani hakuuchomoa chini ya tangi. Anasema huo utatoka nyumbani, njiani unaachwa ulipo.

Waya wa akiba nao unatakiwa utunzwe. Fundi hukata kipande cha tyubu ya baiskeli cha urefu wa kiganja, hufunga upande mmoja kwenye mdomo wa ala kwa uzi unaokaza kweli, huacha upande wa pili wazi juu, kisha hujaza oili safi na kuuning'iniza usiku kucha, kopo likiwa chini. Asubuhi kwenye kopo utaona historia ya waya wako: kwanza hutoka oili nyeusi ya vumbi, kisha nyekundu ya kutu, mwisho hutoka ilivyoingia. Zamani alitumia pembe ya mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019 akahamia kwenye tyubu, na sasa anasema hata wakiirudisha haitaki tena, kwa maana tyubu haivuji.

Mengine aliyonieleza ni mengi kuliko nafasi ya gazeti. Adui wa injini huku ni vumbi, na vumbi huingia kupitia chujio la hewa. Chujio la sponji lioshwe kwa mafuta ya taa, likamuliwe bila kusokotwa, likauke kivulini, ndipo lipakwe oili na kukamuliwa tena. La karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume chake. Anayetoa chujio ili pikipiki ivute vizuri anakaribisha mchanga kwenye silinda, na baada ya msimu mmoja ataanza kutoa moshi wa buluu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini isipakwe kwenye cheni, kwa sababu hunasa vumbi na vumbi husaga meno ya sproketi. Mafundi wenzake wengi hawamwungi mkono katika hilo. Yeye hujibu kwa kuwaonesha sproketi.

Kuna jambo moja ambalo sikuwa nimelisikia kokote. Haydom iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Pikipiki iliyorekebishwa kabureta Dar es Salaam ikiletwa hapa hula petroli nyingi mno kwa hewa kidogo iliyopo, hukohoa, na plagi yake huwa nyeusi ya masizi. Kijana huambiwa injini imekufa. Fundi hutoa plagi kwanza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi, anaangalia chujio, kisha kabureta. Ikiwa nyeupe, hapo ndipo anapoogopa, maana injini inaungua.

Juu ya uendeshaji wenyewe hasemi sana, ila akisema anasema kwa mkazo. Korongo usilolijua, shuka ulipite kwa miguu kwanza. Ng'ombe wakivuka, pita nyuma ya ng'ombe na si mbele yake, kwa sababu hajui kurudi nyuma, na mchungaji wa Kidatoga atakukumbuka kwa namna ulivyopita. Udongo mweusi ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka gurudumu likagoma. Wao wamenyanyua madigadi zao, na kila mmoja hubeba kijiti cha kukwangulia.

Wakisafiri pamoja, mwenye pikipiki dhaifu hutangulia ili asiachwe. Vumbi likiwa kubwa huachana mbali, pengine hata mlio wa mwenzako husikii. Ndiyo maana wana sheria moja isiyovunjwa: ukifika njia panda unasimama, unasubiri mpaka umwone anayekufuata, naye akuone ulikogeukia. Huondoki kwa kudhani. Mwinjilisti, aliyefika wakati tunaongea, alisema ameshasubiri njia panda mpaka giza likaingia. Wenzake walikuwa nyuma wanaziba pancha, na walijua yupo.

"Na kama waya umekatika, na wa pili huna?" nikauliza.

Basi unakwenda bila klachi. Washa injini ikiwa haina gia, isukume ukikimbia nayo, ruka juu, ipige gia ya kwanza. Kupanda gia, funga moto kidogo, inua gia kwa mguu bila kulazimisha. Usisimame. Wakongwe wote wanaijua mbinu hiyo. Lakini fundi anasema haifai ukiwa umebeba mtu, na hapo akakitazama kijiwe cha ng'ambo.

Kwa kweli hao ndio wanaobeba watu. Biashara ya bodaboda ilihalalishwa kwa kanuni za mwaka 2010, na huku imekuwa gari la wagonjwa la vijiji vingi. Mama mwenye uchungu usiku wa manane haletwi hospitali na AG100 ya mstaafu, analetwa na kijana wa Boxer. Nilivuka barabara kumwuliza mmoja wao kama anaujua waya wa pili. Anaujua. Fundi ameshamweleza, na anamheshimu mzee. Ila akanipigia hesabu yake. Pikipiki si yake, ni ya tajiri. Kila jioni anapeleka hesabu, iwe biashara ilikuwepo au haikuwepo. Kuosha chujio ni saa moja bila abiria. Waya wa akiba atanunua kwa fedha yake, na siku tajiri akichukua pikipiki yake, waya utaondoka nayo.

"Sasa kaka, ule waya ni wangu au wa tajiri?"

Nilimpelekea fundi swali hilo. Alinyamaza, akaendelea kufuta spana zake, halafu akasema matajiri wa pikipiki hawaji gerejini, wanatuma fedha kwa simu. Mimi niko upande wa waya wa pili, na sioni namna ya kumlaumu yule kijana. Wakongwe walijifunza kwenye vyombo vya ofisi, wakiwa na mshahara wa mwezi, na saa ya kuosha chujio ilikuwa sehemu ya kazi. Nani amlipe huyu saa yake? Tajiri anayeingiza fedha kila jioni? Abiria, ambaye hata bila hilo analalamikia nauli? Chama cha bodaboda? Na kama jibu ni kwamba hakuna wa kumlipa, basi mama wa usiku wa manane anasafiri kwenye waya ambao kila siku unakazwa skrubu.

Wakongwe wana desturi yao katika hili. Ukitumia waya wa mwenzako, unarudisha waya, hurudishi fedha. Fedha huliwa, anasema mwinjilisti, na mwenzako anabaki mtupu njiani. Unarudisha ukiwa umeshatiwa oili na ncha zimefungwa mpira.

Mwaka jana fundi alijaribu kuipeleka desturi hiyo nje ya kundi lao. Aliacha waya mmoja wa Boxer kwenye duka la kijiji kimoja cha njiani, akamwambia mwenye duka ampe yeyote atakayekwama, kwa sharti la kurudisha mwingine. Ulichukuliwa na haukurudishwa. Mwenye duka hakumbuki nani aliuchukua, anakumbuka tu kwamba ilikuwa usiku na mtu huyo alikuwa na mgonjwa. Fundi akapeleka wa pili. Nao umechukuliwa. Nilimwuliza kama atapeleka wa tatu. Alisema bado hajaamua, kwanza anataka kujua kama yule mgonjwa alifika.