Mpini wa shoka: usiutafute mbio mbio

Ndugu msomaji, tazama nyuma ya mlango wako, pale unapoweka shoka. Kama unaishi Likasi, Kipushi, Kambove ao Kolwezi, hakika iko pale, maana siku hizi karibu kila jamaa inaitumia. Baba ambaye zamani alipokea mshahara wa Gécamines na hakulima hata tuta moja, leo anang'oa visiki shambani. Hasa tangu 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipotoka katika kampuni ile kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, watu wengi walianza upya kazi ya jembe na shoka. Mama anapasua kuni kusudi makala yakae siku mbili zaidi. Kijana anakata miti ya kuegemeza shimo.

Sasa shika chuma kwa mkono mmoja na mpini kwa mkono mwingine, utikise. Inacheza? Kama inacheza, soma habari hii mbele ya kupasua ukuni mwingine.

Sisi wahubiri tunapenda sana habari ya 2 Wafalme 6, namna chuma cha shoka kilivyoanguka majini na Elisha akakifanya kielee. Ni muujiza mkubwa, na ni vizuri kuuhubiri. Lakini ni mara ngapi ulisikia mahubiri juu ya Kumbukumbu la Torati 19:5? Pale Musa anasema juu ya mtu aliyekwenda porini pamoja na mwenzake kukata miti. Chuma kinachomoka katika mpini, kinampiga mwenzake, naye anakufa. Mungu aliweka miji ya kukimbilia kwa ajili ya mtu kama huyo, sababu hakumchukia mwenzake, na hakutaka kumwua.

Ni neema kubwa. Lakini usiikimbilie upesi kama vazi la kujifunika! Soma tena Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ile, na mwenyewe alionywa, naye hakumfunga, mambo yanageuka kabisa. Basi mpini uliovunjika bila mtu kujua ni ajali. Mpini unaocheza tangu juma mbili, na wewe unajua, na unaendelea kupiga mbele ya watoto waliosimama kuokota vipande, huo ni ng'ombe wa desturi. Maneno haya si ya kutisha watu. Ni kusema tu kwamba habari ya mpini haimhusu mwenye shoka peke yake, inamhusu hata yule anayesimama karibu naye.

UTAZAME NYUZI MBELE YA KUTAZAMA BEI

Sokoni mipini iko mingi, imerundikwa pamoja na ile ya jembe na ya pioshi. Muuzaji atakuambia: « Papa, hii njo nguvu, kamata tu! » Usimjibu vibaya, yeye pia anatafuta chakula cha watoto. Lakini usimwitikie haraka. Chukua mpini, uende nao kwenye mwanga.

Mti una nyuzi, sawasawa na nyama. Mama anayekata nyama anajua jambo hili: ukikata kwa kuvuka nyuzi, nyama inaachana upesi kinywani, ukifuata nyuzi, utatafuna mpaka taya liume. Kwa mpini tunataka ile ya kutafuna mpaka taya liume. Nyuzi zianze penye chuma, ziende moja kwa moja mpaka mwisho penye mkono. Kama zinaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine katikati ya mpini, pale ndipo utakapovunjika, hata kama mti wenyewe ni wa namna bora.

Kwa nini mipini mingi ya sokoni iko na kosa hili? Sababu inatoka katika mbao, na msumeno haujui nyuzi, unafuata mstari wa fundi. Mzee wa kijiji anapasua gogo kwa shoka na kabari, na gogo linaachana penyewe kwa kufuata nyuzi zake, kisha anachonga. Mpini wake unaweza kupinda kidogo, hata kuonekana mbaya mbele ya ule ulionyoshwa kwa randa. Mimi ningechukua ule wa mzee.

Tazama tena fundo, yaani pahali tawi lilipotokea. Fundo dogo karibu na mwisho, si neno. Fundo katikati ao karibu na chuma, rudisha mpini. Mpini uliopakwa rangi uache, maana rangi inafunika fundo na ufa, na tena verni inachubua mikono. Kama unaona vitundu vidogo vinavyotoa unga, wadudu wamekwisha kuingia. Usiulete nyumbani, watahamia kwenye viti vyako. Mwishoni ushike wima, uuangushe kidogo juu ya jiwe. Mti mzima na mkavu unalia wazi. Wenye ufa ao maji unajibu kwa sauti nzito, kama mtu mwenye mafua.

MTI GANI?

Katika pori letu la miombo, wazee wengi wa upande wa Lubumbashi watakutajia kwanza mubanga. Ni mti mzito, mgumu, wa rangi ya kahawia ndani, na mchwa wanauogopa. Ndiyo maana watu wanautafuta hata kwa nguzo. Chukua sehemu ile ya ndani yenye rangi, hapana ile nyeupe ya inje ambayo wadudu wanaipenda. Mulombwa ni mti mzuri sana, lakini mimi ninauachia wenye kutengeneza viti na meza. Mukula usitake hata kuutaja. Katika miaka ya 2010 ulikatwa ovyo na kupelekwa inje ya inchi, na pahali pengi hauonekani tena.

Lakini wewe unayeishi kati ya mji utasema: pasta, mubanga nitaupata wapi? Pori limekimbia, na makala yenyewe yanatoka mbali kuliko zamani. Ni kweli. Basi tazama lupango lako. Mpera wa zamani usiozaa tena usiutupe wote motoni. Mti wake ni mgumu, una nyuzi za kushikana, unafaa sana kwa shoka ndogo. Kalitusi nayo iko nyingi, na inanyooka, lakini inapokauka inajikunja na kupasuka. Chukua ya mti mkubwa, hapana kijiti kilichokatwa jana. Mwembe, mwavokado na msonobari ni vya kivuli, matunda na mbao. Havifai mpini wa shoka.

Kijiti kizima cha mviringo, chenye moyo wa mti katikati, kinapasuka wakati wa kukauka. Afadhali ukate gogo la unene wa paja, ulipasue vipande vinne lingali bichi. Kazi hii ni ya mwezi wa sita ao wa saba, wakati wa kiangazi. Paka matope mazito ao nta kwenye ncha mbili kusudi maji yasitoke mbio kule, kisha weka vipande kivulini, juu ya dari ya jikoni kwa mfano, pahali pa hewa. Miezi sita si mingi. Mwaka ni bora.

Najua watu hawana uvumilivu wa mwaka. Wanatia mpini mbichi, na juma la pili shoka inacheza, sababu mti unaokauka unapunguka. Ndipo wanaitia katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi imeshikana, kila mtu anafurahi! Lakini mti uliovimba ndani ya chuma unajiponda wenyewe, na ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Ndoo inakupa siku mbili, kisha inakuletea shida kubwa zaidi.

KUUTIA

Kwanza toa mabaki ya mpini wa zamani. Watu wengi wanatupa chuma ndani ya mbabula kusudi moto ule mti. Usifanye hivi. Makali ya shoka yalikomazwa na fundi kwa moto na maji; ukiyachoma tena yanalegea, na utashinda ukinoa bure. Tumia patasi na msumari mnene, utoboe mabaki kidogo kidogo.

Chonga kichwa cha mpini polepole, ukijaribu katika tundu kila mara, mpaka kiingie kwa kubanwa. Sehemu hii usiilainishe sana kwa kipande cha chupa, ulaini ni wa pale mikono inaposhika. Mbele ya kuutia kabisa, pasua kichwa kwa msumeno, kwa kufuata urefu wa tundu, karibu sehemu mbili kwa tatu za kina chake. Kisha usipige chuma. Inua shoka, chuma kikining'inia chini bila kugusa kitu, na upige ule mwisho wa mpini ulio juu kwa nyundo ya mti. Utaona chuma chenyewe kinapanda. Watoto wanashangaa sana wakiona. Kinapofika pahali pake, piga kabari ya mti mkavu na mgumu katika ule mpasuko, na acha kichwa kitokeze kidogo juu ya chuma. Misumari inayopigwa ovyo pale juu haisaidii. Inapasua mti ambao ulitaka kuuponya.

Shoka ya mhunzi, ile ya kuchongwa na resori ya lori, iko na desturi nyingine. Yenyewe ina mkia unaoingia ndani ya mpini, na kila pigo linausukuma ndani zaidi. Basi haichomoki upesi, lakini inapasua mpini. Kwa hiyo wazee walichagua mti wenye kichwa kinene, pale shina linapokutana na mzizi, ambapo nyuzi zimesokotana. Tundu wanalichoma kwa chuma chenye moto. Tumia kipande kingine cha chuma chembamba kuliko mkia, kusudi shoka yenyewe isiharibike.

Na ninyi vijana mnaochimba: mpini wa pioshi haufanani na wa shoka. Tundu la pioshi ni pana upande mmoja, mpini unaingia kutoka juu na kichwa chake kinene kinazuia chuma kutoka. Ukiuchonga mwembamba ili uingie kutoka chini, na kuukaza kwa kabari, umeweka hatari juu ya mwenzako aliye nyuma yako katika shimo, pahali ambapo hawezi hata kukwepa.

Shoka ya wana wa manabii ilikuwa ya kuazima, kumbuka. Jirani akija kuazima yako, itikise mbele yake. Kama inacheza, umwambie: « Rudi kesho, nitakaza kwanza. » Anaweza kununa kidogo.

Na ukipata ruhusa ya kukata mubanga, usichome kisiki. Kikate safi, kwa mteremko, kusudi maji ya mvua yasikae juu yake. Miti mingi ya miombo inachipuka tena kutoka kisikini. Acha machipukizi mawili yaliyonyooka, ondoa mengine, na uwaonyeshe watoto pahali pale penyewe.