Safari za Skuli za Kulala Nje

Wazazi na walimu wanafahamishwa kuwa safari ya kutwa haimpi mtoto yote ayapatayo anapolala huko aendako. Mwanafunzi wa Chake Chake apelekwaye Msitu wa Ngezi, akirejeshwa alasiri, hatamsikia bundi mdogo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine duniani na hulia usiku. Wala hatatandika malazi yake mwenyewe, kuosha sahani yake, au kumliwaza mwenzake aliyeingiwa na hofu ya giza. Na hayo ndiyo yamkuzayo zaidi. Wasiwasi wa wazazi, hasa kwa watoto wa kike, una haki yake. Kwa hiyo mwalimu mkuu apate kwanza ridhaa ya maandishi, na walimu wa kike wawepo usiku kucha. Mtoto atumiaye dawa azikabidhi kwa mwalimu kabla ya kuondoka.