Jinja: Viwanda Vilivyofia Mikononi mwa Askari

Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 mjini Jinja, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Umeme huo ndio ulioufanya mji huo kuwa karakana ya Uganda. Palikuwa na kiwanda cha nguo cha Nyanza, maarufu kwa jina la Nytil, na tanuri la kuyeyushia shaba ya Kilembe; nje ya mji vilikuwako viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi. Pamba iliyolimwa Uganda ilisokotwa, ikafumwa na kuvaliwa huko huko.

Mwezi Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wamekwisha kuondoka. Hatua hiyo aliita vita vya uchumi. Mali yao ilitwaliwa, na sehemu kubwa ikagawiwa maofisa wa jeshi na wapambe wa utawala, ambao wananchi waliwabandika jina la “mafuta mingi”. Haki ya Mwafrika kushika uchumi wa nchi yake haina ubishi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kiwanda ni ngawira. Aliyepewa duka aliweza kuuza shehena aliyoikuta, kisha akafunga mlango. Mashine ya kufuma haitendewi hivyo. Inataka fundi anayeijua, kipuri kilichoagizwa kabla cha zamani hakijavunjika, na fedha za kigeni za kukilipia. Vyote vitatu vilitoweka. Hata kabla ya miaka ya sabini kwisha, uzalishaji wa sukari ulikuwa umeporomoka kabisa. Jambo la kusikitisha ni kwamba umeme wa Jinja uliendelea kuuzwa Kenya, wakati mitambo ya Jinja yenyewe ikizorota.

Hapo ndipo suala la viwanda lilipoingia kambini. Kahawa ya Uganda ilivushwa kwa siri hadi soko la Chepkube, nchini Kenya, na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1975 ilitolewa amri kali dhidi ya wahujumu uchumi. Lakini askari aliyewekwa kulinda mpaka naye alikuwa na nyumba isiyo na sabuni wala sukari. Ni dhahiri amri hiyo ilimtaka apigane na mahitaji yake mwenyewe. Utii wa maofisa ulinunuliwa kwa wiski na vitu vya anasa vilivyoletwa kwa ndege kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza.

Nchi inayongoja kila kitu kutoka nje huongozwa na mwenye kushika njia. Mwezi Julai 1976, baada ya makomandoo wa Israeli kushambulia Entebbe, Kenya ilibana mafuta yanayopita Mombasa, na Uganda ikalazimika kuketi mezani bila risasi kupigwa.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Miongoni mwa yaliyoporwa huko ni mali ya kiwanda cha sukari. Jeshi la nchi iliyoiacha Kakira ife lilivuka mpaka kuiba cha jirani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, ingawa Libya ilikuwa imemletea Amin askari wake.

Ukoo wa Madhvani ulirejea Kakira mwaka 1985. Nytil ilifufuliwa na wenye mitaji binafsi katika miaka ya tisini, na sare za jeshi la Uganda zikaanza kutoka katika kiwanda hicho.