Mwanamke, Mti na Kiti cha Wadi

Ni jambo lisilopingika kwamba katika miteremko ya Mlima Kenya, kule Meru na Embu, mzigo wa mazingira huanzia mgongoni mwa mwanamke. Chemchemi ikikauka, yeye ndiye huongeza mwendo kutafuta maji. Kuni zikiadimika, yeye ndiye hudamka mapema zaidi. Je, huyu abebaye mzigo anashirikishwa vipi katika kuamua?

Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na akina mama wakapanda miche kwa maelfu. Hata hivyo, uchunguzi wa angani wa mwaka 1999 ulifichua ukataji haramu wa miti, uchomaji wa makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Hapo ndipo nionapo kwamba jembe la mpanda miti halishindi msumeno pasipo kalamu ya mtunga sheria.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti sehemu ya kalamu hiyo. Utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu ni miongoni mwa kazi zake. Mwaka 2022 Embu ilimchagua Cecily Mbarire kuwa gavana, na Meru ikamchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru. Wengi walishangilia, nami nikiwamo. Lakini bunge la kaunti ya Meru lilipiga kura mara tatu kumwondoa Bi. Mwangaza, Seneti iliidhinisha hatua ya tatu Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaithibitisha Machi 2025. Sikusudii kuzipima upya tuhuma zile. Ninalosema ni kwamba gavana, awe mwanamke au mwanamume, hawezi kutunza chemchemi hata moja iwapo yeye na bunge lake wanavutana.

Bunge hilo huzaliwa katika wadi: Meru ina 45, Embu 20. Wapo watakaodai kwamba viti vya uteuzi, vilivyowekwa ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili, vyatosha. Mimi sikubali. Mteuliwa hana wadi anayoisemea wala wapiga kura wa kumuuliza kuhusu kijito kilichozungukwa na mikaratusi. Kiti chake hutegemea ridhaa ya chama. Aliyechaguliwa huulizwa sokoni, kanisani na njiani, na kwa sababu hiyo husikilizwa anapoinuka kujadili bajeti.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu, wafundisheni wanafunzi wenu kwamba upandaji miti haukamiliki siku ya sherehe. Hukamilika pale sheria ya kuulinda mti inapopitishwa. Nanyi wasichana mnaosoma Chuka, Runyenjes, Nkubu na Maua, msiitazame ofisi ya gavana peke yake. Anzeni na wadi.