Safari fupi za Mikumi: Mkulima wa Kisanga afanye nini ili apate chake?

Na Mwandishi Wetu

KILA siku mabasi na malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya, Songea hadi Zambia hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kwa kilomita zipatazo 50 abiria huchungulia dirishani na kuona swala, nyati, twiga na wakati mwingine tembo wakivuka lami. Hawalipi chochote, na basi halisimami.

Lakini wapo wengine wanaosimama. Ni wakazi wa jijini wanaokuja mwishoni mwa wiki na familia zao, wanafunzi wa shule na vyuo, wafanyakazi wa ofisi moja waliochangishana nauli, na wageni wa nje wenye siku mbili au tatu tu kabla ya kupanda ndege. Hawa ndio wateja wa safari fupi, biashara inayoifaa Mikumi kuliko hifadhi nyingi nchini, kwa sababu iko umbali wa kilomita 283 tu kutoka Dar es Salaam na barabara ni ya lami hadi getini.

Swali linalowahusu wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kisanga, Ulaya, Kidodi, Ruhembe na kata nyingine za Wilaya ya Kilosa zilizo upande wa Mikumi ni hili: katika fedha anayotumia mgeni huyo kwa siku mbili, ni kiasi gani kinabaki kijijini? Na kama ni kidogo, kitaongezwaje?

Safari yenyewe ikoje

Ili kujua pa kuingilia, ni vizuri kwanza kuielewa safari. Kundi la watu 10 au 12 hukodi gari Dar es Salaam na kuondoka saa 11 alfajiri. Chai hunywewa Morogoro. Kabla ya saa sita mchana wako kwenye geti la Kikoboga, ambako hulipa ada ya hifadhi. Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, ambaye ada yake hupangwa kwa dola. Malipo hufanywa kwa mtandao au benki kwa kutumia namba ya malipo, hivyo mgeni anayekuja na fedha taslimu mfukoni anaweza kujikuta anasumbuka getini.

Jua likiwa kali wanyama wengi hujificha vichakani. Ndiyo maana mwongozaji mzuri huwapumzisha wageni mchana na kuwaingiza hifadhini saa 10 jioni, kisha tena saa 12 asubuhi siku ya pili. Huwapeleka kwenye uwanda wa Mkata, ambako pundamilia, nyumbu, nyati na pofu hula majani, na kwenye bwawa la viboko, ambalo ni moja ya sehemu chache ambako mgeni anaruhusiwa kushuka garini. Simba huonekana kwa bahati na kwa macho ya mwongozaji.

Siku ya pili mchana safari ya kurudi huanza, na jioni wako nyumbani.

Njia nyingine imefunguka tangu Juni 2024, treni ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Safari hiyo sasa huchukua chini ya saa mbili. Mgeni anaweza kushuka Morogoro na kukodi gari kwa kilomita zipatazo 100 zilizobaki. Reli hiyo inayoendelea hadi Dodoma ina kituo Kilosa pia. Zipo vilevile ndege ndogo zinazotua kwenye uwanja wa Kikoboga ndani ya hifadhi, zikileta watalii kutoka Zanzibar wanaorudi siku hiyohiyo.

Msomaji atambue jambo moja hapa. Mgeni anayekuja na kurudi siku hiyohiyo hali chakula cha jioni, halali, wala hanunui sokoni. Yule anayelala usiku mmoja ndiye anayehitaji wali, kuku, mayai, matunda, mkaa, nguo za kufuliwa na bodaboda. Kwa mkulima, usiku mmoja wa mgeni una thamani kubwa kuliko magari matano yanayopita.

Fedha inapoishia

Gharama ya safari hugawanyika sehemu tano: usafiri, ada ya hifadhi, malazi, chakula na mwongozaji. Gari na mafuta hulipiwa Dar es Salaam. Ada huenda serikalini. Malazi huenda kwa mwenye hoteli. Kinachobaki kwa majirani wa hifadhi ni chakula, vibarua na huduma ndogondogo, na hata hapo chakula si lazima kitoke jirani.

Hoteli inaweza kununua nyanya, karoti na mayai kutoka masoko ya Morogoro au Dar es Salaam ilhali bustani zipo karibu. Si kwa sababu wenye hoteli hawawapendi majirani. Mpishi anayetarajia wageni 20 Ijumaa usiku anahitaji kuwa na uhakika kwamba mayai yatafika Alhamisi, yote yakiwa mazima na kwa idadi aliyoagiza. Mkulima anayekuja na trei mbili wiki hii na kutoonekana wiki mbili zinazofuata hamsaidii.

Tuchukue mfano wa hesabu. Hoteli moja yenye wageni 20 usiku wa Ijumaa na 20 usiku wa Jumamosi itaandaa vifungua kinywa 40. Kila mgeni akila mayai mawili, ni mayai 80. Ukiongeza ya jikoni kwa ajili ya keki na chapati, ni trei tatu kwa wiki. Hoteli nne za namna hiyo zitahitaji trei 12, yaani mayai 360.

Kuku 10 wa mayai wanaotunzwa vizuri, ambapo saba kati yao hutaga kila siku, hutoa mayai 49 kwa wiki. Kwa hiyo mayai 360 yanahitaji kuku 75 hivi. Huo si mradi wa tajiri. Ni mradi wa kaya moja yenye banda zuri, au wa kikundi cha akina mama watano wenye kuku 15 kila mmoja, wanaokusanya mayai sehemu moja na kumtuma mtu mmoja kuyapeleka Mikumi mjini.

Msimu wa wageni na msimu wa shamba

Wakulima wengi hupanda wakifuata mvua na kuvuna wote kwa wakati mmoja. Bei huporomoka, walanguzi hufurahi. Soko la utalii lina kalenda yake.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wageni hupungua. Udongo mweusi wa uwanda wa Mkata hunata na baadhi ya njia ndani ya hifadhi hazipitiki. Kuanzia Juni hadi Oktoba majani hukauka, wanyama husogea kwenye maji na huonekana kirahisi, na watalii wa nje huongezeka. Kisha zipo siku za wageni wa ndani: Pasaka, Idd, Sabasaba, Nanenane, Krismasi na Mwaka Mpya.

Maana yake ni kwamba mboga zinazotakiwa zaidi ni za kiangazi, wakati ambapo shamba la kutegemea mvua halina kitu. Mwenye kipande karibu na kijito au kisima, hata cha robo eka, anaweza kupanda nyanya, pilipili hoho, mchicha, bamia na matango kwa zamu, kitalu kipya kila baada ya wiki mbili, ili asivune vyote siku moja. Mapapai na ndizi mbivu nazo haziepukiki mezani kwa mgeni.

Mambo matatu humwuzia mkulima bidhaa hizi: kupanga kwa daraja, kupima kwa mizani na kutoa stakabadhi. Hoteli iliyosajiliwa inahitaji karatasi ya kuonyesha ilichonunua. Kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na kitabu cha stakabadhi kitasikilizwa kabla ya mtu mmoja mmoja aliyebeba tenga kichwani.

Tembo naye ana hesabu yake

Hakuna mazungumzo ya utalii kando ya hifadhi yanayokamilika bila kumtaja tembo. Mnyama yule ambaye mgeni amesafiri kilomita 283 kumpiga picha ndiye huyohuyo anayeweza kumaliza eka ya mahindi usiku mmoja. Mgeni anapata picha, mkulima anapata hasara.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na kanuni zake za 2011 zinatambua malipo kwa aliyeharibiwa mazao au kujeruhiwa na wanyama hatari. Lakini malipo hayo huitwa kifuta machozi, si fidia, na tofauti hiyo ni kubwa. Kanuni hizo za 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa eka, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kwa eka zisizozidi tano. Shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpakani halikupewa kitu. Aliyepoteza eka nzima ya mahindi anajua kiasi hicho kinafika wapi. Kwa hiyo uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya kuhusu viwango vinavyotumika sasa. Uharibifu ukitokea toa taarifa mara moja kwa ofisa mtendaji wa kijiji, alama za nyayo zikiwa bado zinaonekana.

Kinga ni bora zaidi. Katika vijiji vya kando ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwa nafasi kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mbinu hiyo ilianzia Kenya. Wengine hutumia kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye mchanganyiko wa pilipili iliyosagwa na oili chafu, kwani tembo hapendi harufu yake. Hakuna mbinu inayozuia kila tembo kila usiku, na mizinga isiyo na nyuki ni mbao tu. Inahitaji kutunzwa.

Faida ya mizinga ni kwamba inalinda na kuzalisha. Asali iliyochujwa vizuri na kufungwa kwenye chupa ya nusu kilo ni zawadi ambayo mgeni wa Dar es Salaam hununua bila kubembelezwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na Shirika la Viwango (TBS) ndilo linalosimamia ubora wa vyakula vilivyofungashwa. Pilipili na tangawizi, mazao ambayo tembo huyaacha, nayo yana soko jikoni.

Kijana anayetaka kuongoza wageni

Vijana wengi hudhani kazi ya kuongoza watalii ni ya waliosoma Arusha au Moshi tu. Kwa safari za ndani ya hifadhi ni kweli kwamba mwongozaji anatakiwa awe amefunzwa na awe na leseni, na kampuni ya utalii nayo inatakiwa iwe na leseni ya biashara ya utalii. Atakayepita njia za panya ataishia kulipa faini.

Lakini nje ya mpaka ipo nafasi nyingine. Mgeni aliyemaliza kuona wanyama saa nne asubuhi ana nusu siku kabla ya kuondoka. Anaweza kutembezwa mashambani, kuona mpunga unavyokobolewa, kula chakula kilichopikwa kwa kuni na kununua asali mzingani. Hilo linahitaji makubaliano na serikali ya kijiji, bei inayojulikana, choo safi na mtu anayeweza kueleza mambo kwa ufasaha. Fedha igawanywe wazi: ya mwongozaji, ya mwenye shamba na ya mfuko wa kijiji. Bila hivyo, ugomvi utafika kabla ya mgeni wa pili.

Mtaji na tahadhari

Kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. VICOBA na SACCOS nazo zinaweza kuanzisha banda la kuku au mizinga michache bila kwenda mbali.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, utalii huyumba. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwazuia wageni duniani kote, na hoteli zisizo na wageni hazinunui mayai. Mradi mkubwa wa kuendeleza utalii wa kusini, REGROW, wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, ulioihusisha Mikumi, ulifungwa mwaka 2024 kabla ya muda wake. Kwa hiyo usiuze kwa hoteli tu. Soko la Mikumi mjini na madereva wa malori wanakula kila siku, mgeni awepo asiwepo.

Pili, usianze kuzalisha kabla ya kuuliza. Nenda hoteli tatu ukiwa na daftari. Muulize mpishi au mnunuzi ananunua nini, kiasi gani, siku gani, na analipa baada ya siku ngapi. Malipo ya baada ya siku 30 yanaweza kumwua mfugaji anayenunua chakula cha kuku kila wiki. Ukishapata majibu hayo, ndipo upige hesabu ya vifaranga.