Nondo wa gunia si kiwavijeshi

GUNIA la mahindi likifunguliwa na nondo wadogo wakaruka, mnunuzi hurudi nyuma. Nimeyaona hayo Mbarara. "Mahindi haya yana viwavijeshi!" anasema mtu, na bei inashuka papo hapo. Mama aliyeleta mzigo kutoka Nakivale hana la kujibu, na nauli keshalipa.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilisoma uhamishoni, Nakivale hiyo hiyo, kabla ya kurejea nyumbani. Shuleni kwetu nondo alikuwa mstari mmoja ubaoni: mdudu wa usiku, ndugu yake kipepeo. Kwa mfanyabiashara wa mpakani mstari huo hautoshi.

Wataalamu humpa kila mdudu majina mawili ya Kilatini, la jenasi na la spishi. Kiwavijeshi tuliyemzoea Afrika Mashariki ni Spodoptera exempta, aliyepewa jina na Mwingereza Francis Walker mwaka 1856. Yule mvamizi kutoka Amerika ni Spodoptera frugiperda. Alielezwa mwaka 1797 kwa jina la Phalaena, kapu ambamo Linnaeus aliwatia karibu nondo wote; baadaye akaitwa Laphygma, na sasa Spodoptera. Jina lilibadilika, tabia haikubadilika. Afrika alithibitishwa mwaka 2016, Uganda mwaka 2017. Kiwavi wake ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Hula mmea mbichi shambani, kisha hushuka udongoni kugeuka nondo. Katika gunia la mahindi makavu hana maisha.

Basi anayeruka gunia lako ni nani? Mara nyingi ni Sitotroga cerealella, wa familia nyingine kabisa, Gelechiidae. Olivier alimpa jina mwaka 1789, baada ya mdudu huyo kuwasumbua wakulima wa Angoumois, Ufaransa. Ni mdogo, rangi ya majani makavu, na mbawa zake zikitandazwa hazifiki sentimita 2. Nondo wa kiwavijeshi hufikia 3 hadi 4. Buu lake huishi ndani ya punje moja, hula kiini, na nondo hutokea kwa tundu dogo la duara. Nondo mwenyewe hali mahindi.

Hapa ndipo pesa ilipo. Dawa ya kupuliza shambani usiitie ndani ya chakula. Ni sumu, na buu limejificha ndani ya punje. Huyu huanza kutaga shambani mahindi yakikauka, kwa hiyo vuna mapema, anika vizuri, pukuchua, kisha tia katika mifuko isiyopitisha hewa.

Na wewe mnunuzi, kabla ya kukata bei, mwaga konzi moja mezani uhesabu punje zenye matundu. Kisha pasua chache zilizo nzima uone kama kuna buu ndani.